Nilimkataza Baba Bao Lake

Nilipokuwa na umri wa miaka 16 nilimwambia baba yangu kwamba bao ni haramu. Nilimwambia barazani, mbele ya wenzake wanne, baada ya swala ya Alasiri, vitabu vya madrasa vikiwa bado kwapani. Sikumwambia kwa ukali. Nilimwambia kwa ule upole wa kijana aliyejifunza jambo jana na anayedhani watu wazima hawajapata kulisikia, na naamini upole huo ulimuuma kuliko ukali. Baba alikuwa na kete mkononi. Alizirudisha shimoni moja moja, akalifunika bao kwa kipande cha turubali, akasema, "Haya, mwanangu." Wazee wale hawakutamka neno. Mmoja alikohoa. Tangu siku ile sikumwona tena akicheza nyumbani kwetu, nami nikalihesabu jambo hilo miongoni mwa mema yangu.

Imepita miaka 22. Yote hayo yalinirudia mwaka jana katika kisiwa cha Penang, nchini Malaysia, nikiwa nimesimama mbele ya meza ya bibi mmoja wa Kimalai aliyekuwa akigawa simbi kutoka shimo hadi shimo. Mkono wangu wa kulia, bila ya idhini yangu, ulikuwa ukihesabu pamoja naye.

Tunaishi Gombak, pembezoni mwa Kuala Lumpur, ambako nasoma katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu. Binti yetu ana miaka 9. Siku za mwanzo ugeni ulimlemea, tukampa simu ajiliwaze. Ugeni ukaisha, simu haikurudi. Ikafika hadi akawa anakula kwa mkono mmoja. Mke wangu alisikia kwa jirani kwamba Penang kutakuwa na tamasha la siku mbili la michezo ya mezani ya bara la Asia, ile inayochezwa kwa ubao, kete na kadi, na kwamba watunzi wenyewe wa michezo hiyo watakuwapo. Hakuniuliza kama tutakwenda. Aliniuliza treni inaondoka saa ngapi.

Tuliteremka Butterworth, tukavuka kwa kivuko hadi George Town. Mji huo haumpi tabu mtu wa Unguja. UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, miaka 8 baada ya Mji Mkongwe wetu, na ukipita vichochoroni mwake unaona sababu ni zile zile: misikiti ya kale, maduka ya watu waliokuja kwa bahari, harufu ya viungo. Mbele ya maduka kuna varanda zilizoezekwa, zinazoungana duka kwa duka, ambazo Wamalai huziita kaki lima, yaani futi tano, kwa kuwa huo ndio uliokuwa upana uliokusudiwa wa njia hizo. Kila nilipomwona mzee amekaa ndani yake na kikombe chake, nilikuwa kama mtu anayepita Ng'ambo asubuhi.

Ukumbini nilidhani nitakuta watu wanauza vitu. Waliouza walikuwapo, lakini wengi walikuwa wamekaa wanacheza: mabibi na wajukuu, Wachina, Wamalai na Wahindi katika meza moja, vijana wakiwaeleza wageni kanuni za mchezo kwa subira ambayo sijaizoea kwa vijana. Na katika kila meza ya mchezo mpya alikaa mtu aliyeutunga. Hilo ndilo lililonisimamisha. Sikuwa nimepata kufikiri kwamba mchezo una mtunzi. Utenzi una mtunzi, kitabu kina mtunzi. Mchezo, kwangu mimi, ulikuwa kama mwembe wa uani, umezaliwa umeukuta. Hapa jina la mtunzi limepigwa chapa juu ya sanduku kama linavyopigwa juu ya jalada la kitabu. Kijana mmoja wa Kiindonesia alikuwa na mchezo ambao haujachapishwa bado, kadi zake ameziandika kwa kalamu na ubao wake ni boksi la viatu lililokatwa. Alitutazama tukicheza, kimya, huku akiandika daftarini. Nilimuuliza anaandika nini. Akasema anaandika kila mahali ambapo mwanangu anapiga miayo.

Nikaanza kuyapitia mawazoni yale tuliyoyakuta majumbani mwetu. Ludo imetokana na pachisi ya Wahindi. Nyoka na ngazi nayo asili yake ni Bara Hindi, ambako ilikuwa mchezo wa kufundishia maadili: ngazi ni matendo mema, nyoka ni maovu. Keram inayopigwa Unguja na Mombasa hadi usiku, pia tumeipata kwa Wahindi. Hakuna hata mmoja wa hiyo ambao najua nani aliutunga. Sataranji, ambayo Waarabu waliipokea kwa Waajemi nao Waajemi kwa Wahindi, haina jina la aliyeianzisha, ila Waislamu wa Baghdad waliwaandika mabingwa wake. Abu Bakr as-Suli, mwanachuoni wa adabu na historia aliyefariki mwaka 946, alimshinda bingwa aliyekuwapo mbele ya Khalifa al-Muktafi, na akaacha fumbo la sataranji ambalo mabingwa hawakulifumbua hadi yapata miaka elfu moja baadaye, alipolifumbua Mrusi Yuri Averbakh. Nasema hivi kwa sababu wapo kati yetu wanaodhani michezo ya akili ni jambo la kigeni lililotuingilia juzi.

Mchezo uliomvuta binti yetu ulikuwa Deep Sea Adventure, kazi ya Wajapani wawili, Jun Sasaki na Goro Sasaki, uliotoka mwaka 2014. Sanduku lake linaenea kiganjani. Wachezaji wote ni wapiga mbizi wa chombo kimoja, na wote wanavuta hewa ya tangi moja lenye vipimo 25. Unashuka kuokota hazina. Kila hazina uliyobeba inakupunguzia mwendo, na kila zamu yako inapofika hewa ya wote inapungua kwa idadi ya hazina ulizobeba wewe. Mwenye tamaa haangamii peke yake. Mara nyingi hewa huisha na wote wakabaki chini, na hazina zao zikazama pamoja nao. Nilisema moyoni kwamba watu hawa wangepewa mimbari Ijumaa moja. Kisha binti yangu akakabidhiwa dadu mbili azirushe.

Hapo nikamshika mkono.

Msomaji wa gazeti hili anajua kwa nini. Mtume (s.a.w.) aliukemea vikali mchezo wa nardi, na hadithi yake imo katika Sahihi Muslim; na nardi huendeshwa kwa dadu. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii walichukua humo kipimo: mchezo unaotegemea hesabu na fikra una hukumu yake, na ule unaotegemea dadu una hukumu nyingine iliyo nzito zaidi, hata kama hakuna senti iliyowekwa. Wapo wanavyuoni wa zama zetu ambao hutazama kwanza kama kuna kamari, ile iliyokatazwa katika aya ya 90 ya Sura al-Maida, na wasipoiona hulegeza. Mimi si mwanachuoni, na kila mmoja amuulize anayemwamini kwa dini yake. Nilifuata nililolelewa nalo. Mke wangu alinitazama kwa jicho ambalo wasomaji waliooa wanalifahamu, na mtoto akaanza kununa.

Binti aliyesimamia meza hiyo, naye amejistiri kwa hijabu, hakuchukia hata kidogo. Alisema baba yake pia hataki dadu nyumbani, na kwamba yeye mwenyewe anajifunza utunzi, na michezo anayoitunga huiendesha kwa kadi ili baba yake aweze kukaa mezani. Akanyoosha kidole pembeni mwa ukumbi. "Mpelekeni kwa Makcik," alisema. Hivyo ndivyo Wamalai wanavyomwita mama mtu mzima, kama sisi tunavyomwita kila mama mama yetu.

Makcik alikuwa na congkak. Ni ubao uliochongwa mfano wa mashua, una mashimo 7 kila upande, na kila ncha ina shimo kubwa. Mashimo madogo huitwa kampung, yaani vijiji. Lile kubwa huitwa rumah, yaani nyumba. Niliposikia neno nyumba nilikaa chini. Kila kijiji huanza na kete 7, jumla 98. Huchezwa kwa simbi, kwa kokwa za ukwaju, au kwa gololi siku hizi. Unachota kijiji kizima, unagawa moja moja, unaacha moja nyumbani mwako, unairuka nyumba ya mwenzako. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unachota zote na kuendelea. Ikiangukia nyumbani mwako unacheza tena. Ikiangukia shimo tupu, umekufa. Wajava wanao mchezo huo, wakiuita dakon, na Wafilipino wanao, wakiuita sungka.

Kwao, Makcik alinieleza kwa mchanganyiko wa Kiingereza chake na Kimalai changu cha sokoni, congkak tangu zamani ni mchezo wa wanawake na wasichana, unaochezwa ndani ya nyumba. Nilishangaa. Kwetu bao ni la wanaume na barazani. Mama yangu amewapikia chai wacheza bao miaka mingi, na sikuwahi kumuuliza kama amepata kushika kete. Binti yangu alifungwa mara mbili, mara ya tatu akashinda, na hakuna aliyemwachia. Makcik hakuwa mtu wa kumwachia mtu. Nilitazama mikono ile miwili, mmoja wa mikunjo na mmoja mdogo, ikichota na kugawa. Simu ilikuwa mkobani mwa mama yake, na hakuna aliyeikumbuka.

"Kwenu mnao?" Makcik aliniuliza.

Nikamweleza bao la Kiswahili: mashimo 32, safu nne, kila mchezaji ana safu mbili, kete 64 za mkomwe. Nikamweleza kwamba unaanza na kete 10 tu ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa nyumbani, na 22 umezishika, na kwamba unazinamua moja moja. Kwamba ukila kete za mwenzako unazigawa upande wako. Kwamba mkono unaweza kubadili njia ukarudi ulikotoka. Nilijiona nikieleza kwa haraka na kwa furaha, kama mtu anayeulizwa habari za ndugu yake. Makcik alicheka, akasema huo si mchezo, ni mtihani.

"Nani alikufundisha?"

"Baba."

"Bado mnacheza?"

Nilimjibu kwamba baba ni mzee sasa. Lilikuwa jibu la aibu, kwa sababu Makcik mwenyewe alikuwa mzee kumshinda. Ikaadhiniwa Adhuhuri katika simu ya mtu fulani, meza kadhaa zikaachwa kama zilivyo, nasi tukafuata watu kwenda kuswali. Katika sijda ya mwisho nilikawia.

Juma lililofuata niliingia maktaba ya chuo, nikatafuta jambo ambalo ilinipasa kulitafuta nikiwa na miaka 16. Imamu Shafii katika al-Umm anaitaja nardi kuwa ndiyo inayochukiza zaidi. Sataranji haipendi, lakini anasema ni nyepesi kuliko nardi. Kisha anataja miongoni mwa michezo inayochukiza kitu kinachoitwa hizza. Wanavyuoni waliokuja baadaye wakaieleza hizza: ni kipande cha mti kilichochimbwa vishimo kwa safu, na hutiwa vijiwe vidogo vya kuchezea. Nilisoma maelezo hayo mara tatu. Baba yangu alikuwa amekaa mbele ya kitu hicho hicho. Wakahitilafiana: wengine wakaipeleka upande wa nardi, wengine upande wa sataranji, na waliopima kwa hesabu na fikra walisema mchezo ukitegemea hesabu haufikii haramu, madhali hauna kamari, hauipitishi swala na hauleti matusi.

Maalimu wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitufundisha habari za nardi na kamari. Nakumbuka somo lenyewe, na nakumbuka mahali nilipokaa. Bao hakulitaja. Mimi ndiye niliyelichukua somo lake nikalibandika juu ya bao la baba bila ya kumuuliza, kwa kuwa nilitaka kuwa na kitu cha kumwambia baba ambacho hakukijua. Barazani pale sikupata kuona sarafu hata moja. Jua lilipoelekea kuzama walikuwa wakisimama wenyewe, hata bao likiwa tamu vipi, na aliyekuwa akishindwa alishukuru. Sisemi kwamba kila baraza ni hivyo. Zipo ambazo adhana ya Magharibi huwakuta watu wanabishania kete moja, na hao wana la kujiuliza. Lakini mimi sikuwa nikisema na baraza hizo. Nilikuwa nikisema na baba yangu.

Nilimpigia simu usiku ule, kwake ikiwa jioni. Nikamwamkia, akaitikia, tukaulizana hali. Nikamweleza habari za congkak.

"Mashimo mangapi?"

"Kumi na manne, na nyumba mbili."

"Kete?"

"Tisini na nane."

"Zinarudi nyuma?"

"Hazirudi, baba. Zinazunguka njia moja tu."

"Basi hilo la watoto," alisema, na nikamsikia akicheka, kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. Nikajikaza. Nikamwambia, baba, ile siku ya barazani, nilipokwambia yale maneno, nilikosea. Akanyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza kama huko kuna baridi.

Tulikwenda nyumbani likizo iliyofuata, siku chache baada ya Idi. Nilimuuliza mama bao lilitupwa wapi. Mama alikuwa akipepeta mchele, na hakuinua kichwa.

"Bao gani lililotupwa? Liko nyumba ya pili, kwa jirani. Babako hakuacha bao hata siku moja. Aliacha kucheza mbele yako."

Miaka 22. Nilipokuwa madrasani alikuwa kwa jirani. Nilipoanza kazi akawa huru zaidi. Nilipokuwa nikija kusalimia, mtoto wa jirani alitumwa kumwita, naye akija akinieleza kwamba alikwenda kumjulia hali mgonjwa. Mama alisema jirani ameugua sana miaka hiyo. Alisema hivyo akicheka, nami nikacheka naye, kisha nikatoka uani kwa sababu sikutaka anione. Mtu mzima, aliyenilea na kunisomesha, alikuwa akijificha kwa kitu cha halali asije akanivunjia dini yangu mpya.

Nilikwenda mwenyewe kulichukua. Ni la mfenesi, zito, limechongwa na fundi wa majahazi aliyekuwa shemeji yake babu. Baba ndiye aliyenitajia jina lake jioni ile, na nimeliandika mahali. Kete zilikuwa katika kopo la maziwa, komwe za kijivu zilizolainika kwa vidole kama tasbihi. Zilikuwa 63. Ya sitini na nne, alisema baba, ilipotea mwaka ambao niliondoka nyumbani, na tangu hapo wanatumia kifungo cha koti.

Macho ya baba yameingia ukungu. Daktari anasema ni mtoto wa jicho na tumepanga siku ya upasuaji. Bao lakini halimpi tabu. Anaingiza vidole shimoni, anajua mna ngapi. Alimkalisha mjukuu wake upande wake, akamweleza nyumba ni ipi, na kwa nini asifanye haraka kuivunja. Binti yangu alitaka kujua nani aliyetunga kanuni hizi zote, maana Penang kila mchezo ulikuwa na mwenyewe. Baba alifikiri, akasema hajui, na kwamba aliyemfundisha yeye pia hakujua. Mtoto hakuridhika. Mama alipita na birika, akasimama nyuma yangu, akatazama ubao kidogo, akasema kwa sauti ndogo, "Mwanao ataliwa kimbi hicho." Nikaliwa kimbi hicho. Nilimgeukia, alikuwa amekwisha kwenda zake.

Mchezo wa kwanza sikufika hata mbali, safu yangu ya mbele ikawa hamna. Wa pili tuliuanza upya, na huo nilikuwa bado nimo wakati muadhini alipoanza Magharibi. Baba aliondoa mkono wake ubaoni papo hapo, akatafuta kofia yake kwa kupapasa. Nilianza kuzikusanya kete koponi.

"Ziache," alisema. "Zamu yako. Tukirudi utacheza."

Binti yangu akalifunika bao kwa kanga ya bibi yake, akajishika ukutani kumpisha babu yake, nasi tukatoka.